Kazi ya Kompyuta Pwani: Nani Atajua Kwamba Unaumwa?



Mwezi huu tunazungumzia afya ya watu wanaofanya kazi kwa kompyuta na intaneti wakiwa wanaishi katika miji ya pwani, mbali na mwajiri wao. Mwajiri yuko London au New York. Mfanyakazi yuko Paje au Jambiani kisiwani Unguja, Diani au Watamu nchini Kenya, au Bagamoyo. Wapo waandishi wa programu za kompyuta, wafasiri, wachoraji wa matangazo, walimu wa lugha na watunza hesabu. Chombo chao cha kazi ni laptopu moja, na ofisi yao ni chumba cha kupanga au meza ya mgahawa.

Wengi wao ni wageni kutoka Ulaya na Amerika. Hukaa miezi michache, kisha huhamia mji mwingine wa bahari, na kwa sababu hiyo huitwa wahamaji wa kidijitali. Lakini wamo pia vijana wetu wenyewe. Wazazi wao wako Kibosho, Njombe au Bukoba, na mara nyingi hawaelewi vizuri mtoto wao anafanya kazi gani. Wanachojua ni kwamba "yuko Zanzibar na kompyuta yake." Somo hili ni la vijana hao, la wazazi wao, na la wenye nyumba wanaowapangisha.

KAZI HII ILIFIKAJE PWANI

Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setelaiti. Ilikuwa ya polepole na ya gharama kubwa. Mwaka 2009 waya wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, waajiri wengi duniani walifunga ofisi na kuwaambia watu wafanyie kazi nyumbani. Ndipo wengi walipogundua kwamba "nyumbani" panaweza kuwa mahali popote penye umeme na intaneti. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilianzisha kibali maalumu kwa wageni wanaofanya kazi za namna hii.

Hatuna neno baya juu ya kazi hii. Ni kazi halali, inalisha watu, na mama mwenye vyumba viwili vya kupangisha anapata ada ya shule ya watoto wake. Ila sisi wauguzi tunawaona wafanyakazi hawa wanapoletwa hospitalini, na mara nyingi wanaletwa wamechelewa. Tujiulize kwa nini.

OFISI INA MACHO

Mtu anayefanya kazi ofisini, shuleni au kiwandani anaonwa na wenzake kila siku. Akiingia anatetemeka, ataulizwa, "Vipi, mbona hivyo?" Akikohoa wiki mbili, mwenzake atamwambia aende akapime makohozi. Asipofika hadi saa nne asubuhi, mtu atapiga simu.

Anayefanya kazi peke yake chumbani hana macho hayo. Mwajiri aliye ng'ambo hauoni mwili wake; anaona maandishi tu. Kijana akiandika, "Niko salama, nitamaliza kesho," mwajiri ataamini. Jirani akiona mlango umefungwa mchana, atadhani amelala kwa sababu alikesha na kazi. Mzazi asipopata simu siku tatu, atadhani ana shughuli nyingi. Hapo kila mtu anakuwa na sababu ya kutobisha hodi.

Hili ndilo fundisho letu la mwezi huu: anayefanya kazi peke yake mbali na kwao ajitafutie mtu wa kumwona kila siku, na amtafute kabla hajaugua. Kinga ya malaria, usingizi mzuri na usalama baharini ni mambo ya lazima, na tutayaeleza moja moja. Lakini mengi kati ya hayo hushindikana pale ambapo hakuna mtu wa kuuliza.

HOMA HAINGOJI KAZI IISHE

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 27, mzaliwa wa nyanda za juu, alipanga chumba karibu na ufuko. Alikuwa na kazi ya kampuni ya nje iliyotakiwa kukamilika siku ya Ijumaa. Jumatatu alisikia baridi na kichwa kikamwuma. Alinunua parasetamoli dukani, akaendelea na kazi. Jumanne na Jumatano homa ilishuka kila alipomeza vidonge, kisha ikapanda tena. Alhamisi alitapika kila alichokula. Kwa mwajiri wake aliandika kwamba ana mafua kidogo.

Ijumaa asubuhi mtoto wa mwenye nyumba alitumwa kwenda kuchukua ndoo yao. Alibisha hodi, akasikia mtu anasema maneno yasiyoeleweka. Kijana aliletwa kwetu kwa bajaji akiwa amechanganyikiwa, mkojo wake mweusi kama chai ya rangi, na sukari ya damu imeshuka sana. Ilikuwa malaria kali. Alitundikiwa maji yenye sukari, akachomwa sindano za artesuneti, akalazwa siku tisa. Alipona. Lakini aliokolewa na ndoo. Kama nyumba ile isingekuwa na haja ya ndoo asubuhi hiyo, nani angefungua mlango?

Tujifunze nini hapa? Kwanza, mtu aliyekulia sehemu za baridi hana kinga ya mwili dhidi ya malaria kama mtu aliyekulia mahali penye ugonjwa huu. Mgeni wa Ulaya hana kabisa. Hata mzaliwa wa pwani aliyekaa Nairobi au ng'ambo miaka mingi, kinga yake hupungua. Watu hawa wakipata malaria, huweza kuzidiwa kwa siku chache tu.

Pili, wengine husema, "Zanzibar hakuna malaria." Ni kweli kwamba imepungua sana visiwani kwa sababu ya vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani na upimaji. Lakini haijaisha, na mwishoni mwa mwaka 2023 wagonjwa waliongezeka tena. Tena dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi kati ya wiki moja na wiki nne. Mtu huweza kuambukizwa akiwa bara na kuugua akiwa ameshavuka bahari.

Tatu, homa ya pwani si malaria peke yake. Kuna homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama. Huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye makopo, matairi na vifuu vya nazi. Anayekaa barazani na laptopu huumwa miguuni chini ya meza bila kujua. Homa hii huleta maumivu makali ya viungo, mgongo na nyuma ya macho.

Basi shika kanuni hizi:

1. Homa ikianza leo, pima leo. Usingoje kazi iishe. Kipimo cha haraka cha malaria huhitaji tone moja la damu ya kidoleni, na majibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20.

2. Kabla ya kupimwa, usimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Kama ni dengi, dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli inafaa: kwa mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Lakini kumbuka kwamba parasetamoli hushusha homa tu, haitibu malaria.

3. Ukipewa dawa mseto ya malaria, maliza dozi zote 6 kwa siku 3, hata ukipata nafuu siku ya pili. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo.

4. Kipimo kikionyesha huna malaria, usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Rudi uchunguzwe tena kama homa inaendelea.

5. Hizi ni dalili za hatari: kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, degedege, kupumua kwa shida, mkojo mweusi, macho ya njano, kutoka damu puani au kwenye fizi, na maumivu makali ya tumbo. Ukiona hata moja, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Jambo moja zaidi juu ya chandarua. Mbu wa malaria huuma hasa kuanzia usiku hadi alfajiri. Anayefanya kazi usiku anakuwa mezani saa hizo, na chandarua chake kinalinda kitanda kitupu. Kwa hiyo aweke wavu wa mbu madirishani, avae suruali ndefu na soksi, ajipake dawa ya kufukuza mbu, na awashe feni ikiwapo. Na alalapo, hata mchana, alale ndani ya chandarua chenye dawa.

MWILI UNA SAA YAKE

Kwa nini wengi hukesha? Kwa sababu saa ya mwajiri si saa yetu. Anayefuata ofisi ya London, inayofunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni ya kwao, huku kwetu anaanza saa 5 asubuhi na kumaliza saa 1 usiku katika miezi ya kiangazi cha Ulaya. Hiyo haina shida kubwa. Anayefuata ofisi ya New York kwa saa hizo hizo huanza saa 10 jioni na kumaliza saa 6 usiku. Wa California huanza saa 1 usiku na kumaliza saa 9 usiku. Ulaya na Marekani zinaporudisha saa zao nyuma, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, wote hao huchelewa kwa saa moja zaidi. Wa California sasa humaliza saa 10 alfajiri, jogoo akiwika.

Sisi wauguzi tunaijua zamu ya usiku. Tunajua pia kwamba baada ya zamu hizo muuguzi hupangiwa mapumziko. Kijana wa kompyuta hukesha miezi sita mfululizo, na mchana anataka kuogelea na wenzake. Analala saa nne, anakunywa kahawa na vinywaji vya kutia nguvu, na anasema amezoea. Mwili hauzoei kwa urahisi hivyo. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi chembe za mwili zinavyojiendesha kwa saa yake ya ndani, inayofuata mwanga na giza. Saa hiyo hupanga usingizi, joto la mwili, njaa na shinikizo la damu.

Kukosa usingizi kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na sukari, huleta hasira na usahaulifu, na huongeza ajali za pikipiki. Kazi nyingi mno nazo zina madhara. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walieleza mwaka 2021 kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40.

Tunashauri hivi:

- Mtu mzima alale saa 7 au zaidi, kwa mfululizo, na kwa saa zile zile kila siku, hata siku ya mapumziko.
- Anayelala mchana afunike dirisha kwa blanketi au pazia zito, na azime simu.
- Aache kahawa na vinywaji vya kutia nguvu saa 6 kabla ya kulala.
- Azungumze na mwajiri mapema. Waajiri wengi wanataka kazi iliyokamilika na mkutano mmoja au miwili; si lazima saa zote ziwe za kwao.
- Intaneti ikikatika, asilipize kwa kukesha. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikakosa intaneti nzuri. Katika hali kama hiyo mwarifu mwajiri kwa simu au ujumbe mfupi, upumzike, kisha uendelee kwa saa zako za kawaida.

Na mwambie mama mwenye nyumba saa zako za kulala. Akijua kwamba unalala hadi saa 6 mchana, hatakusumbua asubuhi. Lakini ikifika saa 9 mlango bado umefungwa, atajua kwamba hiyo si kawaida yako.

MACHO, SHINGO NA MGONGO

Wengi hufanya kazi wakiwa wamejilaza kitandani au kwenye viti vya kamba vya ufukweni. Baada ya mwezi wanakuja na maumivu ya shingo, mgongo na ganzi ya vidole. Tafuta meza na kiti chenye egemeo. Inua laptopu kwa vitabu mpaka sehemu ya juu ya kioo ilingane na macho, na utumie kibodi ya pembeni. Miguu ikanyage sakafu. Kila baada ya nusu saa simama, tembea, nyosha mikono.

Mtu anapokodolea kioo macho hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na macho hukauka, hasa penye upepo wa kusi na vumbi la mchanga. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Mnazi wa jirani unatosha. Usinunue matone ya macho ovyo dukani. Baadhi yana dawa za steroidi ambazo zikitumiwa bila uangalizi huweza kuharibu macho.

MAJI, JUA NA BAHARI

Maji ya visima vya pwani mara nyingi ni ya chumvi, na masika vyoo hufurika. Chemsha maji ya kunywa au nunua yaliyofungwa vizuri. Ukiharisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo, au choo kikiwa kama maji ya mchele, nenda hospitali mara moja.

Usitembee pekupeku kwenye mchanga wa juu wanapolala mbwa na paka. Minyoo yao huingia ngozini na kuacha alama inayopindapinda na kuwasha, na funza nao wamo. Majini vaa viatu, kwa sababu wapo wanyama weusi wenye miiba mirefu na samaki wenye sumu wanaojificha kama mawe. Ukichomwa na samaki wa namna hiyo, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyastahimili, kwa dakika 30 hadi 90, huku ukipelekwa hospitali. Mtu mwingine ayajaribu maji hayo kwanza kwa mkono, kwa kuwa mguu wenye maumivu makali hausikii unapoungua.

Jua la saa 5 hadi saa 9 alasiri ni kali, hasa kwa mgeni mweupe na kwa ndugu zetu wenye ualbino. Vaa kofia pana na mikono mirefu, kunywa maji mara kwa mara. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayatoshi.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua hupwa mbali sana, na Paje mtu huweza kutembea juu ya mchanga hadi karibu na mwamba. Asiyejua saa za maji huweza kukutwa huko maji yakirudi. Kabla ya kwenda waulize wavuvi au akina mama wanaolima mwani. Wao wanayajua maji. Na usiogelee peke yako baada ya kukesha. Mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi.

UPWEKE

Mji wa bahari unaonekana una watu wengi, lakini wengi ni wapitaji. Rafiki wa mwezi huu mwezi ujao yuko Lisbon au Bali. Kijana anabaki na kioo chake. Wengine hutafuta faraja katika pombe kila jioni, bangi, au mahusiano ya haraka ambayo kesho yake ni majuto na hofu ya kwenda kupima.

Dalili za kuangalia ni hizi: kukosa raha kwa wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukata tamaa, kuacha kuoga na kula, kuacha kupokea simu za nyumbani. Hii si kudeka; ni ugonjwa na una matibabu. Ukiona mwenzako ana dalili hizi, mwulize wazi kama amewahi kufikiri kujidhuru. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kusema. Kisha usimwache peke yake, mpeleke kwa mganga.

Dawa ya kwanza ya upweke pwani ni salamu. Watu wa vijiji hivi wengi ni Waislamu, na wana heshima zao. Vaa nguo za staha unapopita kijijini. Mwamkie mzee shikamoo, simama uulize habari za nyumbani, nunua maandazi kwa mama yule yule kila asubuhi. Ukifanya hivyo mwezi mmoja, siku usipotokea mama wa maandazi atauliza, "Yule mgeni wetu yuko wapi?" Aliye Mkatoliki ajitambulishe katika jumuiya ndogondogo ya mahali hapo, aliye wa dini nyingine, kwa watu wa ibada yake.

FEDHA YA MATIBABU

Mwajiri wa ng'ambo mara nyingi hamkatii bima mtu anayelipwa kwa kazi moja moja. Kwa hiyo jiunge mwenyewe ukiwa mzima, kwa kuwa mifuko mingi ina muda wa kungoja kabla ya kuanza kulipa. Nchini Kenya, tangu Oktoba 2024 mfuko wa SHA umechukua nafasi ya NHIF. Tanzania Bunge lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Uliza ofisi ya bima iliyo karibu nawe utaratibu wa kujiunga. Mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar, tangu Oktoba 1, 2024 anatakiwa kulipia bima ya safari ya dola 44. Zaidi ya bima, weka akiba ya nauli ya usiku. Kutoka Paje hadi hospitali ya Mnazi Mmoja mjini ni kiasi cha kilomita 50, na gari la kukodi saa 8 usiku si rahisi kulipata.

MAMBO YA KUFANYA WIKI YA KWANZA

1. Chagua mtu mmoja wa karibu, jirani au mwenye nyumba, mkubaliane: "Usiponiona hadi saa fulani, bisha hodi. Nisipoitika, fungua."
2. Mwachie namba ya simu ya mzazi au ndugu yako, na ya mwajiri.
3. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, au kwa sheha ukiwa Zanzibar.
4. Nenda kwa miguu yako ukaione zahanati iliyo karibu. Uliza inafunguliwa saa ngapi na kama ina kipimo cha malaria.
5. Andika namba ya dereva mmoja wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku.
6. Funga chandarua kabla hujafungua laptopu.

KWA WAZAZI NA WENYE NYUMBA

Mzazi, usimwulize mtoto wako kuhusu fedha tu. Mwulize analala saa ngapi, anakula nini, na jirani yake anaitwa nani. Asipoweza kulitaja jina la jirani hata mmoja, mhimize aende akasalimie leo. Ukipiga simu, sikiliza sauti. Maandishi mafupi ya simu huficha homa.

Mwenye nyumba, mpangaji wako analipa kodi, lakini ni mtoto wa mtu. Kubisha hodi na kuuliza, "Umeamkaje?" si kuingilia mambo yake. Akikujibu kwa hasira kwamba ana kazi, shukuru, maana mwenye nguvu ya kukasirika ni mzima. Akijibu kwa sauti ya chini kwamba ana mafua kidogo, rudi baada ya saa chache ukamtazame, na umpeleke akapime.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika mtaa wetu ni nani anaishi na kufanya kazi peke yake? Nani amemwona leo?
2. Kwa nini vijana huwaficha wazazi na waajiri kwamba wanaumwa?
3. Zahanati iliyo karibu nasi hupima malaria saa ngapi, na usiku tunampeleka mgonjwa wapi?
4. Tunaweza kufanya nini ili mgeni anayepanga kwetu asikae wiki nzima bila mtu wa kumwita kwa jina?